Kolibri wa Tallahassee Aliyekamatwa Chenega Bay: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Uhamaji

Tarehe 13 Januari 2010, mjini Tallahassee, kaskazini mwa jimbo la Florida nchini Marekani, kolibri jike, ndege mdogo sana anayenyonya maua, wa spishi ya Selasphorus rufus, yaani kolibri wa rangi ya kutu, alikamatwa, akavishwa mguuni pete ya alumini yenye namba ya kumtambulisha, kisha akaachiliwa. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo, ndege yuleyule alinaswa tena na mvishaji pete mwingine katika kijiji cha Chenega Bay, kwenye kisiwa cha Evans katika ghuba ya Prince William, kusini mwa Alaska. Umbali wa moja kwa moja baina ya mahali hapo pawili unazidi kilomita 5,600, na baina ya tarehe hizo mbili zilipita siku 166. Hadi wakati huo haikuwa imewahi kuthibitishwa kwa pete safari ndefu kama hiyo ya kolibri yeyote.

Uzito wa kisa hiki, kwa maoni yangu, haumo katika rekodi hiyo ya umbali. Umo katika swali ambalo watazamaji wa ndege wa kusini-mashariki mwa Marekani walikuwa wakilijadili kwa miongo kadhaa: kolibri wa rangi ya kutu anayeonekana Florida, Alabama au Louisiana katikati ya majira ya baridi, je, ni ndege aliyepotea njia na ambaye hatafika tena kwao, au ni ndege aliye mahali pake kwa majira hayo? Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba amepotea. Pete ya Tallahassee imelidhoofisha sana jibu hilo, na ni vyema tueleze hatua kwa hatua imelidhoofisha vipi na kwa kiasi gani.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kolibri ni ndege wa mabara ya Amerika peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kumwona chozi akinyonya maua ya bustanini anaweza kudhani kwamba hao ni ndugu, kwa sababu kazi yao mauani ni moja na hata ung'avu wa manyoya yao unafanana, lakini hawana nasaba ya karibu. Ndege walio karibu zaidi na kolibri ni teleka, na tofauti inaonekana katika ulaji: chozi kwa kawaida hutua karibu na ua ndipo anyonye, ilhali kolibri hubaki amesimama hewani mbele ya ua kwa kupiga mabawa yake zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Spishi tunayoizungumzia ina urefu wa sentimita 8 hivi na uzito wa gramu 3 hadi 4. Dume ana mgongo na ubavu wa rangi ya kutu pamoja na koo linalong'aa kama kaa la moto. Jike ana mgongo wa kijani, huku rangi ya kutu ikibaki ubavuni na kwenye shina la mkia.

Eneo lake la kuzaliana linaanzia kusini mwa Alaska, linafuata pwani ya British Columbia nchini Kanada na kuingia magharibi mwa Alberta, kisha linashuka katika majimbo ya Washington, Oregon, Idaho na magharibi mwa Montana, hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya California. Hakuna kolibri mwingine anayezaliana kaskazini ya mbali kiasi hicho, kwani huyu hufika karibu na latitudo ya nyuzi 61. Huko makazi yake ni kingo za misitu ya misonobari na jamaa zake, vichaka vinavyoota mahali palipowahi kuungua au kukatwa miti, mabonde ya mito na bustani za watu. Jike hujenga kiota peke yake, mara nyingi kwenye tawi linaloinama, akikifunga kwa nyuzi za utando wa buibui, akikitandika sufi ya mimea na kukifunika kwa nje kwa kuvumwani. Hutaga mayai 2, huyaatamia kwa siku 15 hadi 17, na makinda hukaa kiotani kwa wiki 3 hivi. Dume hashiriki kujenga, kuatamia wala kulisha.

Katika majira ya baridi wengi wao huwa Meksiko, hasa katika misitu ya misonobari na mialoni ya milima ya magharibi na kusini, kuanzia Sinaloa na Jalisco hadi Guerrero na Oaxaca. Njia ya kuunganisha pande hizo mbili si moja kwa kwenda na kurudi. Majira ya machipuko yanapoanza, ndege hawa hupanda kaskazini kupitia nyanda za chini za upande wa Pasifiki: wa kwanza huonekana Oregon na Washington mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi, British Columbia Machi na Aprili, na Alaska kuanzia Aprili hadi Mei. Wanaporudi, madume wakitangulia tangu mwishoni mwa Juni, kisha majike na hatimaye vijana, wengi hupita ndani zaidi ya bara, juu ya safu za Sierra Nevada na Milima ya Rocky. Ukiichora safari yote kwenye ramani unapata mzunguko mkubwa unaofuata mwelekeo wa mikono ya saa.

Sababu ya mzunguko huo ni maua. Mnamo Machi milima ya bara ingali na theluji, lakini pwani ya Pasifiki tayari ina Ribes sanguineum na Rubus spectabilis, vichaka viwili vyenye maua ya waridi na mekundu ambavyo kuchanua kwake kunakwenda sambamba na kufika kwa kolibri. Pale ambapo maua bado ni machache, ndege huyu hunywa utomvu kwenye matundu yanayotobolewa na vigogota katika magome ya miti, na hula wadudu wadogo wanaovutiwa na utomvu huo. Kufikia Julai hali imegeuka: nyanda za chini zimekauka, na mbuga za milimani, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi, zimejaa maua ya Castilleja, Aquilegia na Ipomopsis. Kwa hiyo makazi ya spishi hii hayawezi kuelezwa kwa kutaja mahali bila kutaja mwezi. Mbuga ileile ya Sierra Nevada ambayo mwezi wa Machi haina lolote la kumfaa kolibri, mwezi wa Agosti ndiyo inayoamua kama atafika Meksiko au atafia njiani.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini ya kuvutia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, F. Lynn Carpenter na wenzake waliwafuatilia kolibri hawa wakiwa safarini katika Sierra Nevada, na waliwapima uzito bila kuwashika, kwa kuwawekea kitulio kilichounganishwa na mizani. Kila ndege alilinda eneo lake la maua dhidi ya wengine, na siku hata siku alilipanua au kulipunguza mpaka akafikia ukubwa uliomwezesha kuongeza uzito kwa kasi kubwa kuliko ukubwa mwingine. Kazi za baadaye za kundi hilo zilionyesha kwamba usiku ndege hao wanaweza kuingia katika usingizi mzito unaoshusha joto la mwili, ili mafuta waliyoyakusanya mchana yasiteketee kabla ya safari. Ndege aliyefika amekonda, akiwa na gramu 3 na ushei, anaweza kuondoka akiwa karibu na gramu 5, na ziada hiyo takriban yote ni mafuta.

Sasa turudi Tallahassee. Mji huo hauko kwenye mzunguko niliouelezea. Uko kwenye latitudo ya nyuzi 30 hivi, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya njia zote mbili, na mnamo Januari usiku wake hushuka mara kwa mara chini ya kiwango cha maji kuganda. Kwa anayeichukua ramani ya zamani kuwa ndiyo kipimo, kolibri aliyekutwa hapo ni kosa. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wavishaji pete walipoanza kazi katika bustani za Louisiana na baadaye Alabama na majimbo ya jirani, kosa hilo lilianza kujirudia kwa namna ambayo makosa hayajirudii. Ndege waliovishwa pete majira haya ya baridi walikutwa tena majira yaliyofuata, wengine katika bustani ileile. Ndege aliyepotea hawezi kurejea mwaka wa pili kwenye kichaka kilekile bila kuwa na kumbukumbu ya mahali na bila kuwa ameokoka safari ya kwenda na kurudi.

Nafungua dirisha dogo hapa kuhusu kazi yenyewe ya kuvisha pete, kwa sababu thamani ya ushahidi inategemea kazi hiyo. Kolibri jike wa rangi ya kutu anafanana mno na jike wa spishi nyingine ya pwani ya California, Selasphorus sasin, kiasi kwamba kwa macho tu, hata kwa darubini nzuri, mtazamaji mwangalifu huandika kwamba ni mmoja kati ya hao wawili na kuishia hapo. Kuwatenganisha kunahitaji ndege awe mkononi, ili manyoya ya mkia yapimwe upana na kutazamwa umbo lake moja baada ya jingine. Kwa hiyo kabla ya wavishaji pete kuingia kwenye bustani hizo, kumbukumbu nyingi za majira ya baridi hazikuwa hata na uhakika wa spishi. Pete zenyewe hukatwa na kuviringishwa kwa mkono kutoka kwenye bati jembamba la alumini, zikiwa na namba zinazotolewa na Maabara ya Kuvisha Ndege Pete ya Marekani iliyoko Maryland, ambayo ndiyo pia hutoa vibali. Mtu asiye na mafunzo haruhusiwi. Vifaa vya kutuma ishara kwa setilaiti ni vizito mno kwa ndege wa gramu 3, na hivyo pete ya namba imebaki kuwa njia kuu ya kumtambua kolibri mmoja mmoja popote atakapokamatwa. Uwezekano wa ndege kukamatwa mara ya pili mbali na pale alipovishwa pete ni mdogo sana, na ndiyo sababu kisa kimoja kama hiki kinastahili kuchambuliwa kwa urefu.

Tukio la Chenega Bay linatupa nini, basi? Kwanza, linatupa mahali. Kijiji hicho kipo kwenye latitudo ya nyuzi 60, ndani kabisa ya ncha ya kaskazini ya eneo la kuzaliana. Pili, linatupa tarehe. Tukijumlisha siku za kuatamia na za makinda kukaa kiotani tunapata siku 38 hivi, mbali na siku za kujenga. Jike aliyefika mwanzoni mwa Mei angeweza kuwa amemaliza kulea kufikia tarehe 28 Juni, na aliyechelewa angekuwa angali na makinda. Tarehe hiyo haitoshi kusema alikuwa katika hatua ipi, lakini inatosha kusema kwamba alikuwa katika nchi ya kuzaliana wakati wa kuzaliana, kama jike yeyote wa spishi yake alivyopaswa kuwa. Majira ya baridi aliyokaa Florida hayakumzuia kufika.

Tatu, linatuwezesha kukadiria mwendo. Kama tukizigawa kilomita 5,600 kwa siku zote 166, tunapata kilomita 34 kwa siku, kiasi ambacho si chochote kwa ndege anayeruka takriban kilomita 40 kwa saa. Bila shaka hakusafiri siku zote hizo. Tukichukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba aliondoka katikati ya Machi na kufika mwanzoni mwa Mei, wastani unakuwa kama kilomita 112 kwa siku, yaani chini ya saa 3 za kuruka, na saa zilizobaki za mchana zikitumika kulisha. Mwendo huo upo ndani ya uwezo wa kolibri mwenye akiba ya kawaida ya mafuta. Ukipima safari hiyo kwa urefu wa mwili wake, ni mara milioni 70. Namba hiyo hupendwa na waandishi wa magazeti, lakini hesabu ya kilomita kwa siku ndiyo inayoonyesha kwamba safari hii haikuhitaji muujiza. Ilihitaji mahali pa kulisha kila siku au kila baada ya siku chache, katika bara zima.

Njia aliyoifuata ni suala la kufikiri kutokana na tunayoyajua kuhusu chakula. Mstari ulionyooka kutoka Tallahassee hadi Alaska ungempitisha juu ya nyanda za kati za Marekani na Kanada mnamo Machi na Aprili, ambako wakati huo baridi bado ni kali na maua ya kumfaa ni haba. Njia inayolingana na kalenda ya maua ni ile ya kuelekea magharibi kwanza, kando ya Ghuba ya Mexico na Texas, kisha kuungana na wenzake waliotoka Meksiko na kupanda nao upande wa Pasifiki. Mimi naielemea njia hiyo, na kama ndivyo ilivyokuwa, basi safari halisi ilizidi kwa mbali zile kilomita 5,600.

Maelezo ya jinsi ndege wa namna hii walivyoanza kukaa kusini-mashariki yalitolewa mwaka 1998 na Geoffrey Hill pamoja na Robert na Martha Sargent, katika makala ya jarida la The Auk. Hoja yao inaanzia kwenye ukweli kwamba kijana wa kolibri husafiri peke yake akiongozwa na mwelekeo aliourithi, na kwamba katika kila kizazi wapo wachache ambao mwelekeo wao umepinda, wakaishia mashariki mno. Zamani wachache hao walikufa kwa njaa au baridi bila kuacha uzao. Baadaye mazingira yalibadilika: miji ya pwani ya Ghuba ikajaa bustani zenye maua ya kigeni yanayochanua hadi majira ya baridi, na chupa za maji ya sukari zinazoning'inizwa barazani. Waliokuwa wakifa wakaanza kuokoka, wakarudi kuzaliana, na wakarithisha mwelekeo wao. Mfano unaofanana upo Ulaya, ambako ndege mdogo Sylvia atricapilla wa Ulaya ya kati alianza kukaa Uingereza majira ya baridi badala ya kushukia Mediterania, na majaribio ya Peter Berthold yaliyochapishwa mwaka 1992 yalithibitisha kwamba makinda wa ndege hao hurithi mwelekeo huo mpya.

Naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, ila ningeongeza jambo moja ambalo mara nyingi hupewa nafasi ndogo. Kati ya kolibri wote wa Amerika ya Kaskazini, huyu ndiye aliyekwishajiandaa kwa baridi kabla ya bustani za Florida kuwepo. Ndege anayefika Alaska mnamo Aprili anakutana na theluji na usiku wa kuganda. Anajua kuzimisha joto la mwili wake hadi alfajiri, kunywa utomvu pasipo na maua, na kuishi kwa wadudu. Yote hayo yanamfaa Tallahassee, ambako siku nyingi za Januari zina jua la kuamsha wadudu na ambako vigogota wanaotoboa matundu ya utomvu huja kwa wingi majira hayo. Chupa za sukari zimesaidia, lakini zimemsaidia ndege ambaye tayari alikuwa na silaha zake. Ana pia kumbukumbu. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye Milima ya Rocky ya Alberta na Susan Healy, Andrew Hurly na wenzao, na kuchapishwa mwaka 2006, kolibri dume wa spishi hii walijifunza kwamba baadhi ya maua ya bandia yalijazwa upya kila baada ya dakika 10 na mengine kila baada ya dakika 20, wakayarudia kwa wakati unaofaa. Ndege anayeshika ratiba ya ua moja moja hashangazi anaporejea mwakani kwenye bustani aliyoijua.

Mipaka ya kisa hiki lazima isemwe wazi. Ndege mmoja anathibitisha kwamba jambo linawezekana. Hathibitishi kwamba ni la kawaida. Walio wengi bado hukaa Meksiko, na idadi ya wanaokaa pwani ya Ghuba ni sehemu ndogo ya spishi nzima. Tena, ndege walioshindwa kufika hawaachi kumbukumbu yoyote, na kwa hiyo pete ya Chenega Bay haiwezi kutuambia ni wangapi kati ya wenzake wa Florida waliofia njiani. Lakini dai la zamani lilikuwa kwamba hao wote ni ndege wasio na marejeo, na dai la namna hiyo huvunjwa na mfano mmoja uliothibitishwa vizuri.

Jambo hili lina uzito wa vitendo kwa sababu spishi yenyewe inapungua. Sensa ya ndege wanaozaliana Amerika ya Kaskazini inaonyesha kupungua kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka tangu mwaka 1966, jumla ya karibu asilimia 65 hadi mwaka 2019, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliiweka katika daraja la spishi zinazokaribia kuwa hatarini. Vichaka vya wazi vya kaskazini hufungwa na msitu unaokomaa au unaopandwa kwa ajili ya mbao. Misitu ya milima ya Meksiko hukatwa. Na katika bonde la Fraser, British Columbia, karibu na mashamba ya bluberi, mabaki ya viuatilifu yamepatikana katika miili ya kolibri. Spishi inayohitaji maua mahali tofauti kila mwezi inaweza kuumizwa na upungufu wa mahali pamoja tu katika mlolongo huo.

Kwa hiyo ramani ya uenezi wa Selasphorus rufus inapaswa kuipaka pwani ya Ghuba, kuanzia Texas hadi kaskazini mwa Florida, rangi ileile ya makazi ya majira ya baridi inayopakwa Meksiko, ikiwa na alama ya kuonyesha kwamba ndege ni wachache. Kuiacha nyeupe au kuitia vinukta vya ndege waliopotea hakulingani tena na ushahidi. Na kwa wenye bustani wa majimbo hayo, hofu kwamba chupa ya sukari ikiachwa nje baada ya Oktoba itamchelewesha ndege asiondoke haina msingi, kwa kuwa kinachomwondoa ni urefu wa mchana na saa iliyo mwilini mwake. Kipimo ni sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji, bila rangi wala asali, chupa ikioshwa mara kwa mara. Na asubuhi ya baridi kali, maji yaliyoganda yabadilishwe kabla ya mapambazuko, kwa maana kolibri anapoamka kutoka katika usingizi wake mzito hutafuta mlo wa kwanza mara tu kunapokucha.